Tundu ni moja ila mambo ni tofauti: chaja na doki za taipu C nilizopitia mpaka meza ikatulia

Niungame mapema, nimenunua chaja tatu, habu mbili (vile vidude vya kuongezea laptopu matundu), doki moja (kaka yake mkubwa mwenye umeme wake) na kebo ambazo sitaki hata kuzihesabu, ndio nikafika kwenye mpangilio ulioko mezani sasa hivi. Kwa hiyo hii sio rivyu ya mtu aliyekaa na kifaa siku mbili akakipiga picha akarudisha, ni ya mtu aliyelipa ada. Majina ya vilivyonisumbua naviacha, kwanza vingi unavikuta vimefanana kila kitu isipokuwa stika tu, pili shida zenyewe utazikuta kwa yeyote asipoangalia.

Nilichotaka kilikuwa kidogo sana. Nikikaa mezani nichomeke waya mmoja kwenye laptopu, waya huo huo uchaji, upeleke picha kwenye monita mbili, ubebe kibodi na mausi na intaneti ya waya na ile diski ya nje ya bakapu, nikiinuka nachomoa mmoja naondoka zangu. Si ndivyo matangazo yanavyosema? Na kwenye picha zao meza ya jamaa ni safi mpaka unaona aibu na ya kwako.

Kilichoniponza ni kuamini umbo la tundu. USB-C ilitoka 2014, pini 24, unaichomeka juu chini vyovyote inaingia, safi kabisa, lakini USB-C ni jina la umbo tu, hilo tundu halikwambii ndani kunapita nini. Linaweza likawa linapitisha data peke yake, linaweza likawa linachaji na data, linaweza kutoa na picha, linaweza kuwa Thunderbolt, mfumo wa kasi zaidi wenye kila kitu, na yote manne ukiyaweka pembeni kwa pembeni yamefanana kama mapacha. Laptopu yangu ya zamani ilikuwa na matundu mawili ya C upande mmoja, moja linachaji na kutoa picha, la pili data tupu, basi mimi nikachomeka habu mpya kwenye lile la pili nikakaa jioni nzima naitukana habu. Habu haikuwa na kosa. (Habu ile ilikuja kuwa na makosa yake baadaye, tutafika.)

Kwa hiyo kabla hujafungua hata duka la mtandaoni, geuza laptopu uangalie pembeni mwa tundu kuna alama gani. Alama ya radi yenye kimshale ni Thunderbolt, herufi D iliyobeba P ndani yake ina maana linatoa picha kwa DisplayPort, yaani mfumo wa kupeleka picha kwenye monita, kialama cha betri au plagi ina maana linachaji. Zisipokuwepo alama, na makampuni mengine hawaziweki kabisa, chukua namba kamili ya modeli iliyoandikwa chini ya mashine usome karatasi yake ya sifa kwenye tovuti ya aliyeitengeneza. Namba kamili nasema, sio jina la familia, maana laptopu mbili zenye jina moja zinaweza kutofautiana hapo hapo kwenye matundu.

Haya tuje kwenye chaja.

Chaja ya kwanza nilijaribu kubana matumizi, nikachukua ya simu. Laptopu ikawaka kialama cha kuchaji nikafurahi, saa mbili baadaye naangalia betri imeshuka! Inachaji huku inashuka, ni kama kujaza ndoo yenye tobo. Maana chaja na laptopu kabla ya kupeana umeme wa maana huwa zinaongea kwanza, mfumo wenyewe unaitwa Power Delivery, chaja inasema mimi nina volti 5, 9, 15, 20, laptopu inachagua inayoiweza na kiasi cha ampea, wakikubaliana ndio umeme unapanda, wasipokubaliana unabaki volti 5. Ni kama wauzaji wawili wanapatana bei. Chaja nyingi ndogo za simu haziendi mpaka volti 20, na laptopu nyingi hiyo 20 ndio wanayoitaka, kwa hiyo nyingine zinakataa kabisa kuchaji na nyingine zinakubali kishingo upande na kukupa onyo la chaja dhaifu.

Usisome boksi, soma yale maandishi madogo kwenye chaja yenyewe, yale ya kutolea macho. Volti mara ampea ndio wati. Ukiona 20V na 3.25A hiyo ni wati 65, ukiona 20V na 5A hiyo ni wati 100. Halafu linganisha na chaja iliyokuja na laptopu yako, kama ya kwako ni wati 65 tafuta 65 kwenda juu. Na ile hofu ya kwamba chaja kubwa itaunguza laptopu ndogo, hapana, laptopu inachukua kiasi ilichoomba, chaja ya wati 100 kwenye laptopu ya wati 45 inatoa 45 na kutulia. Tatizo ni kwenda chini, sio kwenda juu.

Chaja ya pili ndio ilinifundisha kitu ambacho hakuna tangazo linakisema kwa sauti. Ilikuwa na matundu matatu na boksi limeandikwa wati 65 kubwaaa. Kumbe hizo 65 ni za tundu moja likiwa peke yake. Nikichomeka simu pembeni, laptopu inashushwa mpaka 45 ili simu ipate yake, na hiyo ningeweza kuivumilia. Kisichovumilika ni kwamba kila unapochomeka au kuchomoa kitu, chaja inakata umeme kwenye matundu yote sekunde moja mbili ili mapatano yaanze upya. Kwa laptopu yenyewe sio shida, ina betri. Lakini mimi habu yangu ilikuwa inakula umeme kutoka chaja hiyo hiyo, kwa hiyo nikichomoa simu tu, habu inazima inawaka, monita zinakuwa nyeusi, na diski ya bakapu inajichomoa bila kuaga. Mara ya tatu bakapu ikakatika katikati ikabidi nianze upya kutoka mwanzo, usiku huo simu nikaihamishia chaja yake ya zamani na hawajakutana tena mpaka leo.

Chaja ya tatu ndio niliyonayo, GaN ya wati 100, matundu matatu ya C na moja la USB ya zamani. GaN ni galiamu naitraidi, wanaitumia badala ya silikoni kwenye vile vipande vinavyowasha na kuzima umeme kwa kasi, inapoteza joto kidogo na inawasha kuzima haraka zaidi kwa hiyo hata koili za ndani zinaweza kuwa ndogo. Matokeo yake chaja ya wati 100 inakaa kwenye kiganja, wakati tofali lililokuja na laptopu yangu la wati 65 ni kubwa kuliko hiyo. Inapata joto, tena joto la kushtua ukiishika ikiwa inasukuma laptopu na simu kwa pamoja, lakini haijawahi kujizima. Lawama yangu moja tu ni uzito, yote imening'inia kwenye miguu yake, soketi ikiwa imelegea kidogo inainama kama mzee anasinzia na mwisho inachomoka. Nimeihamishia kwenye ekstensheni iliyolala chini na imekuwa poa. Kama unaweza pata ile yenye waya wake wa kwenda ukutani, mwili wa chaja unalala mezani, hutajuta.

Kama laptopu yako ni ya magemu au ya kuedit video nzito, angalia vizuri kabla hujatupa tofali lake. Mashine nyingi za aina hiyo zinakula wati 180 mpaka 300 na kitu kupitia tundu lake la mviringo au la mstatili, upande wa C zinakubali wati 100 tu, zinatosha kuandika na kuvinjari ila ukifungua gemu betri inaanza kushuka ukiwa umechomeka. Toleo jipya la Power Delivery la 2021 limepandisha dari kutoka wati 100 mpaka 240, kwa kuongeza volti 28, 36 na 48, lakini lazima laptopu, chaja na kebo vyote vitatu viwe vya huo mfumo, kimoja kikikosa mnarudi mia au chini ya hapo. Na Umoja wa Ulaya wameshaweka sheria, laptopu mpya zinazouzwa kule kuanzia tarehe 28 Aprili 2026 lazima zichajike kwa USB-C, kwa hiyo matofali ya kila kampuni na kichwa chake siku zake zinahesabika.

Sasa kebo. Jamani kebo! Hapa ndio nilipopotezea muda wangu mwingi kuliko kwingine kote na ndio maana nitakaa hapa kidogo.

Kebo ya C kwa C ya kawaida inabeba ampea 3, yaani wati 60 mwisho. Ili ibebe ampea 5 lazima iwe na kijichipu kwenye kichwa chake kinachojitambulisha kwa chaja, chaja isipokiona haitoi zaidi ya ampea 3 hata ungekuwa na chaja ya wati 240. Nilikuwa na chaja ya wati 100 na laptopu inayotaka 65, mimi nasoma wati 58, nikailaumu chaja, nikataka kuirudisha, kumbe kebo niliyoichomoa kwenye droo ilikuwa ile iliyokuja na simu. Nilijuaje? Nina kimita kidogo cha USB-C kinachokaa katikati ya waya na kuonyesha volti na ampea, ni kitu kidogo kama kifuniko cha kalamu na kimeniokoa kuliko fundi yeyote. Wa Mac hamkihitaji, fungua ile programu ya System Information sehemu ya Power itakwambia chaja imejitambulisha kwa wati ngapi.

Hiyo ni umeme. Upande wa data ni kichekesho kingine. Kebo nyingi zinazokuja na chaja, hata zile nene zilizosukwa kama kamba ya jahazi zimeandikwa wati 240, data yake ni USB 2.0 tu, megabiti 480 kwa sekunde, na picha haipiti kabisa kwa sababu nyaya za kasi ndani hazimo. Nene sio kasi. Ukichukua kebo ya namna hiyo ukaunganisha doki, laptopu itachaji vizuri, kibodi itafanya kazi, monita zitakaa kimya, na wewe utaanza kutafuta draiva usiku. Nimefanya hivyo. Kebo ya kwenda kwenye doki iwe ile ile iliyokuja na doki, ikipotea nunua iliyoandikwa kasi yake wazi, gigabiti 10, 20, 40, na usishangae zile za 40 za kawaida kuwa fupi chini ya mita moja, umbali unaua mawimbi, ndefu zaidi zinahitaji chipu za kusukuma na bei inapanda.

Na kebo mbovu sio ya kuchezea. Injinia mmoja wa Google, Benson Leung, miaka ile ya 2015 alijipa kazi ya kununua kebo za C mtandaoni na kuzipima moja moja na kuandika matokeo, mpaka mwanzoni mwa 2016 akakutana na moja ambayo waya zake ndani zimeungwa kinyume, ikamuulia laptopu yake hapo hapo pamoja na vipimo. Leo hali ni nzuri zaidi lakini mimi kebo isiyo na maandishi yoyote sichomeki kwenye mashine ya kazi, hata ikiwa ya bure.

Habu na doki watu wanavichanganya, na wauzaji wanasaidia kuvichanganya. Kwa lugha nyepesi habu ni kile kidubwasha chenye mkia mfupi kinachokula umeme wa laptopu au wa chaja uliyoipitishia, doki ina umeme wake yenyewe kutoka ukutani na ndio inailisha laptopu. Kwenye habu, ile chaja unayoipitishia, habu inajikatia chake kwanza, kama wati 10 mpaka 15. Chaja ya wati 65 kupitia habu laptopu inaona 50 na kitu. Ndio maana nilichukua chaja ya wati 100 wakati laptopu yenyewe imeridhika na 65.

Habu yangu ya kwanza iliandikwa 4K. Kweli inatoa 4K, kwa hezi 30, yaani picha inabadilika mara 30 kwa sekunde. Mwambie mtu hezi 30 anaona ni namba tu, mpaka aburute mausi aone inavyojikokota kama inapita kwenye tope. Sababu ni hii, ndani ya USB-C kuna njia nne za kasi, na habu nyingi zinagawa mbili kwa picha na mbili kwa data. Njia mbili za DisplayPort ya zamani ya 1.2 zinatosha 4K ya hezi 30 tu, njia mbili za 1.4 zinafika hezi 60. Kwa hiyo habu na laptopu vyote vinatakiwa viwe 1.4, ama upate habu inayotoa njia zote nne kwa picha, lakini hapo matundu yake ya USB yanabaki megabiti 480, kwa kibodi na mausi sawa, kwa diski ni adhabu. Ukiona neno 4K kwenye boksi bila hezi pembeni, jua ni 30 mpaka watakapokuonyesha vinginevyo. Kama monita zako ni 1080 za kawaida haya yote ruka, habu yoyote ya maana itakutosha.

Kwenye monita mbili ndio kuna mtego mkubwa zaidi. Habu na doki nyingi za USB-C zinatumia mbinu inaitwa MST kugawa picha moja iwe mbili, kwenye Windows inakubali vizuri, kwenye Mac monita zote mbili zinaonyesha kitu kile kile kwa sababu macOS haiungi mkono MST ya kupanua skrini. Sio bovu, ndio ilivyo. Wa Mac wanahitaji doki ya Thunderbolt, na hata hapo MacBook Air zenye chipu za M1 na M2 zinakubali monita moja tu ya nje, ya M3 inakubali mbili ukifunga kifuniko, ya M4 ndio mbili na kifuniko kiko wazi. Nimeona watu wananunua doki ya bei ya kutisha halafu Air yao ya M1 inawaangalia tu.

Njia ya uchochoro ni DisplayLink, doki zenye chipu inayopokea picha iliyobanwa na programu kupitia USB ya kawaida, inapita hata kwenye lile tundu la data tupu, na inapita hata kwenye M1. Habu yangu ya pili ilikuwa ya hivyo. Kwa barua pepe, majedwali na kuandika sikuona tofauti. Ila prosesa inafanya kazi ya ziada muda wote, video ikijaza skrini inagugumia kidogo, na Netflix na wenzake wanaweza kukupa sauti na skrini nyeusi kwa sababu ya zile kinga za hakimiliki, halafu kila mfumo ukiapdeti unaomba Mungu draiva isivunjike. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Nilikaa nayo miezi mitatu, nikampa jamaa ambaye kazi yake yote ni Excel na anaisifia mpaka leo.

Doki niliyobaki nayo ni ya Thunderbolt 4, tofali lake kubwa nimelifungia nyuma ya meza. Inatoa wati 90 kwa laptopu, monita mbili za 4K hezi 60 bila draiva yoyote, intaneti ya waya (LAN) ya gigabiti 2.5 ambayo sina hata pa kuitumia. Waya mmoja, kweli. Asubuhi nachomeka, sekunde nne tano monita zinaamka, na ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu mwanzo. Matatizo yapo. Mara moja kwa wiki hivi laptopu ikitoka usingizini monita moja inagoma mpaka nichomoe nichomeke. Programu ya kuapdeti firmware yake, yaani ile programu ya ndani ya doki, inataka Windows, wa Linux mtaazima mashine. Na mausi isiyo na waya ilikuwa inakwamakwama nikadhani betri, kumbe kile kipokezi chake kidogo cha USB nilikichomeka pembeni ya tundu la USB 3 lenye diski, na USB 3 inatoa kelele kwenye masafa yale yale ya gigahezi 2.4, Intel walishaandika kuhusu hilo tangu 2012. Nikakisogeza kwa kiwaya kifupi cha ekstensheni, ikapona hapo hapo.

Je ningenunua tena? Doki ndio, lakini kwa sababu nina monita mbili za 4K na nakaa mezani siku nzima. Ningekuwa na monita moja, ningeishia kwenye chaja ya GaN ya wati 100 na habu nzuri ya DisplayPort 1.4, hela inayobaki ninunue kiti. Tena angalia monita yako kwanza, siku hizi nyingine zina tundu la C linalochaji laptopu wati 65 au 90 na matundu ya USB mgongoni, yaani doki unayo tayari na hujui.

Ukinunua, siku ile ile ya kwanza chomeka vyote kwa pamoja, monita zote, diski inakopi faili kubwa, simu kwenye chaja, iache saa nzima, ilaze laptopu uiamshe mara tano. Shida zangu zote zingeonekana ndani ya saa hiyo, wakati bado narudishiwa hela, badala yake nilikuwa nachomeka kimoja kimoja nasema freshi. Ile kebo ya simu iliyonidanganya bado ipo kwenye droo, nimeipiga fundo isije ikajichanganya na wenzake.